Mpigaji wa Tatu Anasikia Nini

Amadinda ya Waganda ina vipande 12 vya mti vilivyolazwa juu ya magogo mawili ya mgomba, na hupigwa na watu watatu. Wawili huketi wakitazamana. Mmoja wao, omunazi, huanza na mfululizo wa mapigo yaliyopangwa sawasawa, bila kukimbiza wala kukokota. Wa pili, omwawuzi, huingiza mfululizo wake katikati ya huo wa kwanza, kila pigo lake likianguka kwenye mwanya ulioachwa na mwenzake. Mikono ikishakolea, mapigo ya wawili hao kwa jumla hupita 500 kwa dakika. Hapo ndipo anapoingia wa tatu, omukoonezi. Yeye ana vipande viwili tu, vile vidogo kabisa vya mwisho, na kazi yake ni moja: kila vinapolia vipande viwili vikubwa vya upande wa chini, awe ni nani aliyevipiga, airudie sauti hiyo huku juu.

Ni kazi inayoonekana nyepesi mpaka mtu aijaribu. Mfuatano anaotakiwa kuurudia haupigwi na yeyote kati ya wale wawili. Nusu yake imo katika mikono ya mmoja, nusu katika mikono ya mwingine, na umefunikwa na sauti nyingine zote zinazolia kati yake. Kutazama mikono hakumsaidii, maana inakwenda mbio kuliko jicho. Lazima auokote kwa sikio kutoka kwenye mchanganyiko, na akichelewa kidogo tu ameshaharibu.

Nimeanza na huyu wa tatu kwa sababu kila mwalimu wa muziki duniani humwambia mwanafunzi wake asikilize. Usia huo umezeeka na hakuna anayeupinga. Kisichosemwa ni asikilize nini, na asikilize akiwa amekaa wapi. Ukizilinganisha mila mbalimbali za kufundisha ala, utaona kwamba majibu hayafanani, na kwamba jibu ndilo linaloamua ni mwanamuziki wa aina gani atakayetoka mwisho wa mafunzo.

Tuanzie Maihar, mji mdogo katika jimbo la Madhya Pradesh nchini India. Hapo Allauddin Khan aliwafundisha baadhi ya wapigaji wakubwa wa karne ya 20: mwanawe Ali Akbar Khan kwenye sarodi, Ravi Shankar, aliyehamia kwake mwaka 1938, kwenye sitari, na binti yake Annapurna Devi kwenye surbahari, ala ya jamii ya sitari yenye sauti nzito zaidi. Husimuliwa kwamba binti huyo hakukusudiwa kufundishwa. Dada yake mkubwa alikuwa ameolewa kwenye nyumba isiyoutaka muziki, akateseka, na baba akaapa kwamba hatamfundisha tena mtoto wa kike. Siku moja akamkuta Annapurna akimsahihisha kaka yake: Ali Akbar anafanya mazoezi, dada mtu anamwimbia pale alipokosea. Alikuwa amelidaka somo lote kwa kulisikia tu ndani ya nyumba. Baba akavunja kiapo.

Pengine masimulizi hayo yametiwa chumvi na wanafunzi wenye mapenzi. Hata hivyo yanaonyesha kwa usahihi jinsi somo lenyewe lilivyokuwa likipita. Somo lilikuwa sauti ya kuimbwa. Mwalimu huimba kipande cha raga, utaratibu wa lahani wa Kihindi, kwa majina ya sauti, sa, re, ga, ma, na mwanafunzi hukirudisha kwa kinywa au kwa ala. Kisipokaa sawa, kinaimbwa tena. Kwa utaratibu huo ala ya mwalimu si lazima iwe ala ya mwanafunzi. Annapurna Devi aliacha kupiga mbele ya hadhara mapema katika maisha yake, akabaki kufundisha nyumbani kwake Mumbai hadi uzeeni. Alifariki mwaka 2018. Mmoja wa wanafunzi wake ni Hariprasad Chaurasia, mpulizaji wa bansuri, filimbi ya mwanzi. Mwalimu huyo hakuwa mtu wa filimbi. Hakuwa na namna ya kumwonyesha kidole kikae tundu lipi wala pumzi ikazwe kiasi gani. Alimwimbia, na namna ya kuitoa sauti ile kwenye mwanzi ikawa shauri la mwanafunzi. Chaurasia alimwendea akiwa tayari ni mpigaji mwenye jina, na ili aanze upya kweli akabadili hata upande wa kushikia filimbi, kutoka kulia kwenda kushoto. Vidole vyake vikarudi darasa la kwanza. Mimi sijui ni mwanafunzi gani angethubutu kufanya jambo hilo leo.

Wapigaji wa tabla huenda mbali zaidi. Kila pigo lina jina lake, dha, dhin, na, tin, na mtungo mzima hukaririwa kwa ulimi kabla mkono haujaugusa wambo. Zakir Hussain, aliyefariki Desemba 2024, alizoea kusimulia kwamba alipozaliwa, baba yake Alla Rakha alimpakata, na pale ambapo desturi ilimtaka amsomee mtoto dua sikioni, yeye akamtamkia mapigo ya tabla. Mama mtu alikasirika. Baba akajibu kwamba kwake yeye hiyo ndiyo dua. Wasomaji wa pwani, wanaojua uzito wa adhana katika sikio la mtoto mchanga, hawatashindwa kumwelewa mama yule.

Basi katika mila hii kinachosikilizwa ni kinywa kimoja, tena kinywa cha mtu unayemheshimu kama mzazi. Faida yake ni kwamba kinywa hicho kinajibu. Kikikusikia umekosa hubadilisha mfano, hupunguza mwendo, huongeza pambo, na kesho kitaimba raga ileile kwa njia nyingine ili usije ukadhani njia ni moja. Hasara yake ni kwamba sikio linalolelewa hivyo ni la mstari mmoja. Ni kali mno kwa mstari huo, na jukwaani mpiga sitari na mpiga tabla hufukuzana mpaka ukumbi ukasimama. Lakini darasani mwanafunzi hajaombwa kupiga nusu ya kitu akamwachia mwingine nusu iliyobaki.

Japani nayo ilijua kuanza na kinywa. Mwanafunzi wa gagaku, muziki wa kale wa ikulu ya mfalme, akitaka kujifunza hichiriki, kizumari kifupi chenye sauti kali, kwanza huimba lahani yote kwa silabi maalumu huku akijipiga gotini kuhesabu mizani. Kizumari kinangoja. Lakini Japani hiyohiyo ndiyo iliyomtoa Shinichi Suzuki, aliyehamisha sikio la mwanafunzi kutoka kwa mtu akalipeleka kwenye santuri.

Suzuki alizaliwa Nagoya mwaka 1898. Baba yake alikuwa na kiwanda cha fidla, na mtoto alikua akiziona kama vitu vya kuchezea, mpaka aliposikia santuri ya Mischa Elman akipiga Ave Maria ya Schubert. Akachukua fidla moja kiwandani akaanza kuiga alichokisikia. Baadaye alisoma Berlin kwa Karl Klingler, akarudi, na baada ya Vita Vikuu vya Pili akaanza kufundisha watoto mjini Matsumoto. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: watoto wote wa Japani huzungumza Kijapani bila kufeli, kwa sababu wamezungukwa nacho tangu kuzaliwa, basi na wazungukwe na muziki. Santuri za nyimbo watakazojifunza zipigwe nyumbani kila siku. Mzazi ahudhurie somo. Nota zingoje, kama mtoto anavyosema kwanza na kusoma baadaye. Mwaka 1958 filamu ya mamia ya watoto wake wakipiga pamoja ilionyeshwa Oberlin, Ohio, na mwaka 1964 watoto wenyewe wakazuru Marekani. Walimu waliowasikia hawakuamini kwamba sauti ile inatoka kwa watoto wadogo vile.

Namheshimu Suzuki kwa jambo moja ambalo wakosoaji wake hulisahau: aliuvunja uongo kwamba muziki ni wa waliozaliwa na kipaji. Wanaomlaumu kwamba wanafunzi wake huchelewa kusoma nota wana hoja ndogo, maana kusoma hufundishika. Wasiwasi wangu uko kwingine. Santuri haijibu. Inarudia pumzi ileile, mwendo uleule, mahali palepale, na mtoto aliyeisikia miaka mitatu atapiga kama ilivyo. Na watoto hao wanapokusanyika ukumbini wakapiga kwa pamoja, wote hupiga kitu kimoja. Kumsikiliza mwenzako hapo maana yake ni kuhakikisha hamjatofautiana.

Linganisha na fidla ileile ikiwa Zanzibar. Katika kikundi kidogo cha taarab, udi, kanuni, nai na fidla hufuata lahani moja, kila ala ikiirembesha kwa tabia yake: kanuni inatetemesha, udi unadokoa, fidla inateleza. Anayejifunza fidla hapo hutega sikio ili ajue mwenzake amepamba wapi, yeye apambe pengine. Wapigaji wa Nadi Ikhwan Safaa, kikundi kilichoanzishwa mwaka 1905, nao walizitegemea sana santuri za Misri, na redio ya Cairo ilipoanza kusikika, wakaitegemea pia. Lakini walizisikiliza wakiwa wengi, kisha wakakaa chini kubishana nani afanye nini. Santuri ilileta wimbo. Kikundi ndicho kilichofundisha.

Tena fidla na udi hazina vipago shingoni vya kuzuia kidole. Sauti iliyo katikati, ile ya maqam, ngazi za sauti za Kiarabu, kama rast na bayati, ambayo kinanda cha kawaida hakina, huwekwa na sikio peke yake. Mwaka 1932 wataalamu walikusanyika Cairo kwa Kongamano la Muziki wa Kiarabu, Béla Bartók na Paul Hindemith wakiwa miongoni mwa wageni, na mojawapo ya mambo yaliyojadiliwa ni kama ngazi ya sauti za Kiarabu inaweza kugawanywa katika robo 24 zilizo sawa. Hawakukubaliana. Mpigaji wa Istanbul huiweka sauti hiyo ya katikati mahali ambapo mwenzake wa Cairo haiweki. Nota zinaweza kutia alama kwamba sauti imeshuka. Imeshuka kiasi gani, hilo unaliuliza kwa mzee aliye pembeni yako. Akodian na vinanda vya umeme vilipoenea katika taarab, swali hilo lilianza kukosa wa kuuliza, kwa sababu vitufe vimeshaamua.

Santuri kama mwalimu haikuishia kwenye taarab. Kuanzia miaka ya 1930 santuri za mfululizo ulioitwa GV zilileta nyimbo za Cuba hadi Kongo, na vijana wa Léopoldville na Brazzaville wakazidaka, pamoja na Kihispania chake wasichokielewa. Gita likajifunza kusema yaliyokuwa yakisemwa na piano. Marekani, katika majira ya joto ya 1937, mpuliza saksafoni Charlie Parker, akiwa na miaka 16, alikwenda kupiga kwenye hoteli za milima ya Ozark akiwa na santuri za Lester Young, akazirudia mpaka akazijua kwa moyo. Aliporudi Kansas City waliomcheka mwanzo hawakucheka tena. Wenye gramafoni walikuwa na ujanja wa kuipunguza mwendo: ikizunguka nusu ya kasi yake, sauti hushuka oktava moja kamili na vidole vya bwana mkubwa vinakuwa na mwendo wa binadamu wa kawaida. Siku hizi programu ya simu hupunguza mwendo bila kushusha sauti. Ujanja ni uleule.

Ila kuna muziki ambao kwake santuri inadanganya, na hapa narudi Uganda. Mwaka 1959 Gerhard Kubik, kijana kutoka Vienna, alifika Kampala akajifunza amadinda kwa Evaristo Muyinda, mpigaji wa kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda. Alipokaa kwenye ala yenyewe aligundua kwamba aliyoyasikia hayakuwa yale yaliyokuwa yakipigwa. Sikio la binadamu hukusanya sauti zinazokaribiana kwa kimo, za chini na za chini, za juu na za juu, na kutengeneza mifuatano ambayo hakuna mkono uliokusudia kuipiga. Aliyaandika hayo mwaka 1962, na tangu hapo wataalamu wa muziki wa Afrika hawawezi kuyapita. Kwa msikilizaji Mganda mambo yanaongezeka, kwa kuwa lugha yake ina toni, na mifuatano hiyo ya kujitokeza humkumbusha maneno ya wimbo.

Fikiria basi maana yake kwa mwanafunzi aliye na kanda peke yake. Ameusikia wimbo vizuri, anaweza hata kuuimba. Akienda kwenye ala kuutafuta, haupo. Hakuna anayeupiga. Anachotakiwa kupiga yeye ni mstari mkavu usiofanana na wimbo hata kidogo, na wimbo utazaliwa pale tu mtu wa pili atakapoketi ng'ambo ya pili. Hapo lazima ajifunze mambo mawili yanayovutana: kushikilia mstari wake kana kwamba yeye ndiye mwenye mizani, huku akisikia kitu kikubwa kinachotokea kati yake na mwenzake. Wapigaji hao wawili kila mmoja huhisi kwamba pigo kuu ni lake. Mgeni akiwauliza mizani iko wapi hupata majibu mawili, na yote ni ya kweli.

Mei 1966 majeshi ya serikali ya Obote yalilivamia Lubiri, kasri hilohilo la Kabaka, pale Mengo. Kabaka Mutesa II alikimbilia Uingereza, ala nyingi za kasri zikaharibiwa, wapigaji wakatawanyika. Mwaka uliofuata falme zikafutwa, na hazikurudi hadi 1993. Maandishi yalisaidia sana katika miaka hiyo: Joseph Kyagambiddwa alikuwa amechapa tuni za kwao katika kitabu cha mwaka 1955, na Kubik aliendelea kuziandika kwa tarakimu. Nasema hivi ili nisieleweke kwamba naikataa karatasi. Ajabu ni kwamba katika maandishi hayo kinachohitajika ni mistari ya omunazi na omwawuzi tu. Sehemu ya omukoonezi haina haja ya kuandikwa, maana inatokana na hizo mbili. Anayeijua ni yule anayeisikia.

Mtu asidhani kwamba hayo ni mambo ya kasri na ya kale. Magita ya rumba ya Kongo na ya dansi yetu yamejengwa kwa akili ileile. Sikiliza Mlimani Park, wana Sikinde, iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1978, hasa wimbo ukishachanganya: rithimu inashika lake, gita la pili linajaza mianya, solo inapita juu, na besi inajibu kwa kuruka pale usipoitegemea. Kile unachokipigia mluzi ukirudi nyumbani mara nyingi hakikupigwa na gita lolote peke yake. Vijana wengi siku hizi hujifunza solo kwa video, vidole vikionyeshwa kwa karibu, na wengine wana kasi ambayo wazee hawakuwa nayo. Uwakutanishe wawili, uwaambie mmoja ashike rithimu dakika kumi bila kuondoka. Wengi hawawezi. Kila mmoja amefundishwa na mtu ambaye hamsikii.

Shule zetu nazo hazisaidii. Nairobi na Kampala, kipimo kinachoheshimiwa na wazazi ni mitihani ya ABRSM, bodi ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1889. Katika mtihani wake wa kawaida wa ala, alama zote ni 150. Kusoma nota ambazo mwanafunzi hajawahi kuziona kuna alama 21. Jaribio la sikio lina 18, chini ya kila sehemu nyingine ya mtihani. Na jaribio hilo lenyewe ni la mtu mmoja: mtahini anapiga piano, mtahiniwa anapiga makofi, anaimba alichosikia, anataja kilichobadilika. Tangu 2020 upo pia mtihani wa aina nyingine, wa kupiga nyimbo nne tu, ambao jaribio la sikio halimo kabisa. Siwalaumu Waingereza kwa kupima wanachokithamini. Nawashangaa wanaokichukua kipimo hicho hapa, hatua chache kutoka ilipo amadinda, wakaamini kwamba kimepima sikio la mwanamuziki.

Mimi nikiulizwa nani kati ya wote hawa amesikia zaidi, simtaji Chaurasia wala mtoto wa Matsumoto, ingawa wote wawili wangenishinda mimi mchana kweupe. Namtaja yule mwenye vipande viwili. Ndiye ambaye kwake kusikiliza hakuishi siku anapohitimu. Akiacha kusikiliza kwa pigo moja hana cha kupiga.

Kwa hiyo ndugu msomaji, ukiwa umenunua gita na unajifunza kwa simu chumbani, endelea, hakuna ubaya. Ila kabla hujatafuta video ya solo nyingine, mtafute jirani mwenye gita, hata kama hajui zaidi yako. Mpe rithimu rahisi aishike, wewe usipige alipopiga yeye. Kisha mbadilishane.